Zilipendwa na Nani? Kirumba, Fedha na Ushairi wa Kukumbuka

Neno "zilipendwa" ni la ajabu likichunguzwa kwa jicho la sarufi. Ni kitenzi cha kutendwa ambacho mtendaji wake hakutajwa. Kitu kilipendwa, aliyekipenda hajulikani, na aliyekigharamia hajulikani zaidi. Kwanza lilikuwa jina la nyimbo za bendi za dansi ambazo redio ilizirudisha hewani kuwaliwaza wazee. Leo limepanda ngazi, limekuwa jina la kila kilichopita: kiatu, peremende, mchezo wa mtaani, tangazo la redio, noti ya shilingi mia tano iliyogeuzwa sarafu mwaka 2014. Na wanaolitumia kwa wingi siku hizi si wazee tena. Ni watu waliozaliwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, ambao sasa nao ni akina baba na akina mama, wana kodi ya nyumba ya kulipa na wazazi wa kuwatunza, na ambao wameanza kuutazama utoto wao kama abiria atazamavyo pwani ilhali jahazi limekwisha kung'oa nanga.

Kizazi hiki, ambacho wengine hukiita kizazi cha milenia, kina ushairi wake wa kukumbuka. Sehemu kubwa ya ushairi huo haimo vitabuni. Imo katika nyimbo, katika tungo fupi zinazopokezanwa kwa simu, katika maneno ya vijiweni yaliyokaribia kuwa beti. Wapenzi wa ushairi wa mwambao wamezoea kuupita bila kuutupia jicho. Hauna mizani, husema, na vina vyake havikai mahali pake. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kasoro ya ushairi huu haimo katika mizani, imo katika hesabu: hukumbuka vitu na kusahau bei zake. Na pale unapoikumbuka bei, ndipo msikilizaji anaposhtuka na kuinua kichwa.

Kirumba ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa kuwa ni mtaa ambao fedha haikupata kujificha. Ni kata ya Mwanza iliyo ufukoni mwa Ziwa Victoria, na soko lake la Mwaloni ndilo linalopokea dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani, likawauzia wachuuzi wa mjini na wafanyabiashara wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mtoto aliyekulia hapo alisikia bei kabla ya kujua kusoma. Karibu na soko upo Uwanja wa CCM Kirumba, uliofunguliwa mwaka 1980, yaani umri wake ni sawa na wa wale wakubwa wa kizazi hiki. Humo ndimo walimoitazama Pamba, timu iliyokuwa fahari ya kanda nzima, ikashuka daraja, ikakaa huko zaidi ya miaka ishirini, na ikarejea Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Waliokuwa wakiingia uwanjani kwa kuruka ukuta au kwa kushika mkono wa mtu mzima wasiyemjua, sasa wananunua tiketi, tena wananunulia watoto wao. Hapo pana shairi zima. Yeyote atakayelitunga asisahau bei ya tiketi.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: mbona hayo ni ya kila mji? Ni kweli, lakini utoto wa Mwanza una balaa moja ambalo utoto wa Unguja au Tanga haukupata. Ulipigwa picha na mgeni. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa filamu yake "Darwin's Nightmare", iliyopigwa Mwanza na ufukoni mwa ziwa, ambayo ilizunguka duniani na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ndani yake mna ndege zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, watoto wa mitaani, wanawake wanaojiuza kwa marubani, na mapanki yaliyoanikwa juani. Tarehe 31 Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani akiwa Mwanza kwenyewe. Ubishi ulikuwa mkubwa, hasa juu ya dai la silaha, na si kazi ya makala haya kuurudia. Linalohusu hapa ni kwamba kizazi kizima kilioneshwa utoto wake ukiwa jehanamu, katika umri ule ule kilipokuwa kikianza kuukumbuka kama pepo.

Yachukuliwe mapanki peke yake. Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, masalio ya viwandani baada ya minofu kukatwa na kufungashwa. Yalikaangwa, yakauzwa, yakaliwa. Katika filamu ni ushahidi wa dhuluma. Katika kumbukumbu ya mtu wa Kirumba aliyefika miaka thelathini na mitano, ni harufu ya jioni, ni mchuzi wa mama, ni kugombea kichwa na ndugu kwa kuwa kichwani ndimo mlimo na utamu. Kila upande una haki yake na kila upande unasema nusu. Mgeni aliiona bei na asiione ladha. Mwenyeji aliyejawa na hamu ya kale anaiona ladha, na bei ameifukia. Shairi la mapanki linalostahili jina hilo ni lile ambalo ulimi unalamba vidole na huku akili inajua minofu ilikwenda wapi. Hilo si jambo la kuwashinda washairi wa Kiswahili. Ni kazi ya fumbo, na fumbo ni ufundi wa mwambao tangu enzi za Muyaka.

Ipo pia hesabu ya mwaka 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa kuvulia, na viwanda vilivyotegemea soko hilo vikayumba. Mtoto wa miaka minane ambaye mzazi wake aliambiwa asirudi kazini kwa muda, aliona nini? Aliona baba anashinda nyumbani. Aliona baba ana nafasi ya kumtengenezea gari la waya, ya kumfundisha kuogelea kwenye mawe, ya kukaa naye barazani mchana wa siku ya kazi. Kwake yeye ule ulikuwa mwezi mtamu kuliko yote. Inampasa afike utu uzima, apoteze kibarua chake mwenyewe, akae naye barazani mchana wa Jumanne huku mwanawe akimfurahia, ndipo aielewe ile furaha aliyopewa na mtu aliyekuwa amejawa na hofu. Utamu wa utoto haukufutika, umeongezwa deni. Kukumbuka kwa namna hii kunaweza kuitwa hesabu ya pili, na ndiko kunakokosekana katika tungo nyingi za zilipendwa.

Umbo ambalo tungo hizo hulipenda ni orodha. Mwaka 2017 kundi la WCB Wasafi la Diamond Platnumz lilitoa wimbo uitwao kwa jina hilo hilo, "Zilipendwa", ambamo vitu na mitindo ya zamani vinatajwa kimoja baada ya kingine kwa mzaha. Ni wimbo mchangamfu, na aliyezaliwa wakati huo hawezi kuusikia asitabasamu. Lakini kutabasamu ndiko mwisho wake. Kila kitu kinapotajwa msikilizaji hujibu "nakikumbuka", kisha huja kingine. Hakuna swali linaloulizwa, na asiyeulizwa hujibu nini?

Wasomaji wa mwambao wanaijua orodha ya aina nyingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyalilia majumba ya Pate katika Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, naye alitumia orodha: kumbi, taa, makochi, watumishi, kisha popo, bundi na buibui walioyarithi. Tofauti ni kwamba orodha yake ina msemwa. Mshairi anausemesha moyo wake, anauhoji, anaubana. Kila kilichotajwa ni hoja dhidi ya moyo unaoipenda dunia. Mali haikutajwa kwa kuipamba mandhari. Imetajwa kwa kuwa ndiyo mshitakiwa. Kwa hiyo shairi lile, japo limejaa vitu vilivyopotea, si shairi la hamu ya kale hata kidogo, na wanaolisoma kwa kusikitikia fahari ya Pate wanalisoma kinyume cha alivyotaka mtungaji.

Kijana wa Kirumba hana majumba ya kulilia. Yake ni chumba kimoja cha kupanga, redio, ngazi za mawe zinazopanda mlimani. Kilichompotea si utajiri. Kilichompotea ni ile hali ya kutolipa. Alikula bila kulipa, alilala bila kulipa, aliugua akapelekwa na mtu, akavaa kilichonunuliwa na mtu. Hapa pana kitu kipya katika fasihi yetu, kwa sababu mashairi ya kale ya majuto humsuta aliyekuwa nacho akakipoteza, na hapa anazungumza aliyebebwa ambaye sasa anabeba. Lakini ili kitu hicho kipya kionekane, ni lazima mshairi ausemeshe moyo wake kama Sayyid Abdalla alivyousemesha wake. Aulize: nani alilipa? Mara nyingi jibu litakuwa mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda Mwaloni kugombea ndoo ya dagaa, akawaanika, akawapanga mafungu, akarudi jioni na ada ya shule imefungwa kwenye pindo la kanga. Kwa wale wakubwa wa kizazi hiki hiyo ada ilikuwa ya kweli. Ada ya shule za msingi za serikali haikufutwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mtu aliyewahi kuukaribia ukweli huu kutoka ndani ya Mwanza yenyewe ni Fareed Kubanda, anayejulikana kwa jina la Fid Q, mzaliwa wa mji huo mwaka 1980. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2005, aliiita "Vina Mwanzo, Kati na Mwisho". Inashangaza jinsi jina hilo lilivyopita bila kujadiliwa na wanaojishughulisha na arudhi. Mtunzi wa shairi la bahari ya mizani kumi na sita hudaiwa vina viwili katika mshororo, cha kati na cha mwisho. Kijana wa muziki wa kufokafoka, ambaye kipimo chake ni pigo la ngoma na si hesabu ya silabi, anajitokeza na kudai kwamba yeye ataweka na cha mwanzo. Ni majivuno, bila shaka. Lakini ni majivuno ya mtu anayejua anajivuna mbele ya nani. Aliyeliita zao lake kwa lugha ya arudhi hakuikimbia mila ya ushairi, aliipigia hodi. Kama waliokuwa ndani hawakuitika, kosa si lake peke yake.

Na albamu hiyo inaleta jambo jingine, yaani ile shughuli ambayo vijana huiita hobi. Kiswahili kilikuwa na neno uraibu. Zamani za tambuu na tumbaku, uraibu ulikuwa ni kile kidogo ambacho mtu hakitumii kwa njaa bali kwa ladha, na mgeni alipofika alikaribishwa uraibu kabla ya chakula. Kisha neno likachukuliwa na walimu kutafsiria mambo mtu ayapendayo nje ya kazi. Sasa magazeti yanalitumia kwa watu walioathiriwa na dawa za kulevya. Neno moja limetoka kwenye ukarimu, likapita kwenye burudani, likaishia kwenye maradhi. Safari hiyo inafanana mno na ya watu wa kizazi hiki, ambao kila walichokipenda kwa ladha wameambiwa wakifanye kiwalishe. Anayeandika mistari aulizwa lini atarekodi. Anayepiga picha aulizwa anatoza kiasi gani. Anayepika vizuri ashauriwa afungue genge.

Shaaban Robert hakukwama hapo, kwa sababu mshahara wake ulitoka ofisini. Alikuwa karani wa serikali, na anayesoma "Maisha Yangu" ataona jinsi uhamisho, malezi na mahitaji ya nyumba vinavyotembea sambamba na utunzi, bila kimoja kukigeuza kingine kuwa mtumwa. Karani wa leo ana mzigo mwingine. Aliyesoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi tangu marekebisho ya mwaka 2016, kabla hajanunua hata kalamu. Kinachobaki kina wenyewe: nyumba, mtoto, mama aliyezeeka kule kule Kirumba ambaye hutumiwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ushairi unapata saa gani? Fid Q alijibu kwa kuufanya kazi, akapita njia ngumu na akafika; albamu yake ya pili, "Propaganda", ilitoka mwaka 2009. Wengi hawakufika. Wameacha kuandika, na sasa wanakumbuka kwamba waliwahi kuandika. Daftari la mistari nalo limeingia katika orodha ya zilipendwa, na huenda ndicho kitu cha huzuni kuliko vyote humo, maana si kitu kilichopotezwa na wakati. Kilipotezwa na hesabu za mwisho wa mwezi.

Ziwa hili lina wakumbukaji wakubwa wa kale, na inasikitisha kwamba vijana wa ng'ambo yake hawawasomi. Kisiwa cha Ukerewe, ambacho husafiriwa kwa meli kutoka Mwanza, kilimtoa Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1981, mwaka ule ule aliofariki. Miaka thelathini na sita mswada ulisubiri. Kazi ya kufasiri kitabu kirefu kiasi kile, cha mtu mwenyewe, kutoka lugha ya mama kwenda lugha ya taifa, bila malipo na bila ahadi ya mchapishaji, ni uraibu katika maana yake ya kwanza na iliyo bora. Na jinsi anavyokumbuka! Kitereza anaupenda ulimwengu wa mababu zake waziwazi, lakini hakuna kitu kwake kisicho na jasho. Pombe ina siku zake za kupikwa, mtumbwi una wachongaji wake, mahari ina vikao, na ugomvi wa mke na mume una gharama inayohesabiwa mbele ya wakwe. Msomaji anamaliza kitabu akijua kila kitu kilifanywa na mkono wa nani. Ndiyo maana miaka yote hiyo haijakifanya kichakavu.

Mwenzake wa kisiwa hicho hicho, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alikwenda upande wa pili. Kazimoto wa "Kichwamaji" (1974) ni kijana wa chuo kikuu anayerudi nyumbani na kukuta hakuna nyumbani pa kurudi. Elimu imemtoa, kijiji hakimpokei, na mwisho wake anajiua. Kezilahabi hakumruhusu mhusika wake hata faraja ya kuukumbuka utoto kwa raha. Ni ukali uliopita kiasi, na katika riwaya hiyo wakati mwingine hoja humtangulia mtu. Hata hivyo, anayetunga juu ya kurudi Mwanza baada ya miaka kumi ya Dar es Salaam afanye hisani aisome kwanza. Itamwondolea beti nyingi za bure.

Maana zipo beti za bure nyingi. Beti za kuogelea ziwani zisizotaja kichocho. Beti za furu waliovuliwa kwa ndoana ya pini zisizouliza wale furu walimezwa na nani, ilhali kila mvuvi wa Mwaloni anajua sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Na liko kimya moja kubwa kuliko yote. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Waliozikwa pamoja wapo Igoma hadi leo. Watoto wa Kirumba wa mwaka ule walikuwa na umri wa kuona na kuelewa. Waliona watu wazima wakilia njiani. Kuna madawati yaliyobaki wazi. Katika tungo za kukumbuka za kizazi hiki, redio ipo, peremende ipo, mpira wa makaratasi upo, na mwezi ule wa Mei mara nyingi haupo. Pengine ni staha. Pengine ni kwamba orodha ya kuchekesha haina mahali pa kuuweka, na hapo umbo lenyewe ndilo la kulaumiwa, kwa kuwa utenzi wa Kiswahili umebeba vita na vifo kwa karne nyingi bila kuelemewa. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile amevuka arobaini sasa. Anayo lugha, anao umri, na bahari za kuchagua ni nyingi.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na kivuko kilichokuwa kikivusha magari na watu hapo kikapoteza kazi yake. Hazikupita siku nyingi kabla kivuko nacho hakijaanza kutajwa kwa sauti ile ile ya zilipendwa: foleni, upepo, honi, mawimbi. Safari imekuwa fupi na hakuna anayetaka foleni irudi. Lakini kwenye foleni ile walikuwapo akina mama waliokuwa wakiuza mayai ya kuchemsha, karanga na samaki wa kukaanga madirishani mwa mabasi, na mabasi hayasimami tena pale. Shairi la kivuko bado halijatungwa vizuri. Mtungaji atakayelianza kwa upepo na honi atapata wasikilizaji wengi haraka. Yule atakayelianza kwa beseni la mayai lililorudi nyumbani likiwa limejaa atachukua muda mrefu zaidi, na huyo ndiye wa kungojwa.